Maua na Matunda Hunywaje Maji Wakati wa Kiangazi?

Kila mwaka ifikapo Januari wanafunzi huniuliza swali moja: "Mwalimu, udongo umekauka, majani ya mibuni yamelegea mchana kutwa, mbona matunda yanazidi kuwa makubwa? Maji yanayapata wapi?" Swali hili ni zuri, na jibu lake si la maneno mawili. Nimeonelea nilijibu katika gazeti letu la shule ili wazazi nao wapate kulisoma, kwa maana ndani ya jibu lake mna faida ya shambani.

Sote twaijua nchi yetu ya Rombo. Upande huu wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro haukujaliwa mito mingi kama upande wa kusini, wa Machame na Kibosho. Hapa Tarakea twategemea mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Vuli ikikosekana, kama ilivyokuwa haba katika sehemu nyingi za kaskazini mwa Tanzania miaka ya 2021 na 2022, ndoo ya maji huwa ni mali. Mama aliyeibeba kichwani kutoka mbali hana budi kuuliza: sehemu ya maji haya niipe kahawa au nisiipe? Na kama nitaipa, ni wakati gani maji machache yatafaa zaidi? Hatuwezi kumjibu mama huyu mpaka tujue kwanza jinsi maji yanavyosafiri ndani ya mmea.

NJIA MBILI NDANI YA MTI MMOJA

Watu wengi hudhani kwamba maji hupanda kutoka mizizini na kugawanywa sawasawa kwa majani, maua na matunda, kama vile baba agawavyo chakula kwa watoto wake. Mambo hayako hivyo. Ndani ya kila mmea zimo njia mbili, na kila moja ina sheria zake.

Njia ya kwanza nitaiita njia ya kupandia. Wataalamu huiita zailemu. Nayo ni mirija myembamba mno iliyomo ndani ya mti wenyewe, chini ya gome, itokayo mizizini hadi kwenye majani. Hakuna pampu yoyote chini inayoyasukuma maji hayo hadi juu. Hasa huvutwa na majani. Kila jani lina vijitundu vingi visivyoonekana kwa macho matupu, na mvuke wa maji hutoka humo. Kila chembe ya maji itokapo huivuta iliyo nyuma yake, na hiyo huivuta nyingine, hadi kufika mzizini, kama watu walioshikana mikono wakipanda mlima. Maelezo haya yalitolewa na Henry Dixon na John Joly wa Dublin, nchini Ireland, mwaka 1894, na hadi leo ndiyo msingi wa somo hili.

Sheria ya njia hii ni kwamba apotezaye maji mengi ndiye avutaye mengi. Sasa litazame tunda la mbuni. Ngozi yake ni laini, yenye nta, na vijitundu vyake ni vichache ukilinganisha na vya jani. Kwa hiyo hupoteza maji kidogo, na mvuto wake ni mdogo. Katika kiangazi, majani yanapovuta kwa nguvu na udongo hauna cha kutoa, tunda haliwezi kushindana na majani kwa njia hii. Lingetegemea njia hii peke yake, lingesinyaa.

Njia ya pili ni njia ya chakula, nayo wataalamu huiita floemu. Njia hii imo katika gome la ndani, lile ganda bichi unaloliona ukikwangua tawi kwa ukucha. Jani hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua, kisha huitia sukari hiyo katika mirija ya njia ya chakula. Palipo na sukari nyingi maji hufuata. Jambo hili mwalijua nyumbani: ukikata vitunguu vya kachumbari ukavinyunyizia chumvi, baada ya muda mfupi bakuli huwa na maji, kwa sababu chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Sukari nayo ina tabia hiyo hiyo. Huyavuta maji kutoka njia ya kupandia iliyo jirani, mirija ya chakula ikajaa na kuvimba, na msukumo huo ukaupeleka mchanganyiko wote, sukari pamoja na maji yake, mahali inapotumika: kwenye mzizi, kwenye tumba la ua na kwenye tunda. Mtu aliyeeleza msukumo huu kwa ukamilifu ni Ernst Münch wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1930.

Basi hapo ndipo jibu la swali la wanafunzi linapoanzia. Tunda linalokua katika kiangazi hupata sehemu kubwa ya maji yake pamoja na chakula chake, nalo jani ndilo mchukuzi. Kwa ufupi: maji hufuata sukari.

USHAHIDI WA NYANYA NA WA LIMAU

Nyanya imechunguzwa sana kuliko matunda mengi. Watafiti wa Uingereza katika miaka ya 1980 walipima maji yaingiayo katika nyanya inayokua, wakaona kwamba zaidi ya sehemu nane kwa kumi hupitia njia ya chakula, na kiasi kidogo tu hupitia njia ya kupandia.

Ushahidi wake twauona hata katika bustani zetu. Bila shaka umewahi kuona nyanya changa ambayo kitako chake kimekuwa cheusi na kudidimia, hali upande wa kikonyo ni mzima. Mkulima aweza kudhani ni ukungu, akanunua dawa na kupiga bila kupata nafuu. Sababu yake hasa ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda. Madini haya husafiri karibu yote kwa njia ya kupandia, wala si kwa njia ya chakula. Maji ya udongo yanapokuwa mara yapo mara hayapo, sukari na maji yake huendelea kuijaza nyanya, lakini kalsiamu haifiki ya kutosha, na kitako, kilicho mbali na kikonyo, ndicho kinachoumia kwanza. Dawa yake ya kwanza ni kumwagilia kwa utaratibu na kufunika udongo.

Limau nalo lina fundisho lake. Mwaka 1926 mtafiti E. T. Bartholomew wa California, Marekani, alionyesha kwamba mchana wa jua kali majani ya mlimau huyavuta maji hata kutoka ndani ya malimau yenyewe. Tunda husinyaa kidogo mchana, na usiku, majani yanapofunga vijitundu vyake, hujaa tena. Hivyo tunda ni kama mtungi wa nyumbani. Mchana jamaa huchota, usiku hujazwa. Ndiyo sababu katika ukame matunda mengi hupata ukuaji wake mkubwa usiku. Maadamu usiku mtungi hujazwa, tunda huendelea. Usiku unapopita pasipo udongo kutoa maji yoyote, hapo tunda huanza kukopesha bila kulipwa, na mwisho wake ni kusinyaa kabisa.

Yapasa kusema wazi kwamba njia ya chakula haiumbi maji. Maji yake yote yametoka ardhini. Lakini hupeleka kidogo kilichopo mahali panapostahili, nayo ndiyo siri ya mmea kuzaa katika ukame.

MTI UNAOCHANUA BILA JANI HATA MOJA

Kabla ya kurudi kwenye kahawa, tazameni mwamba-ngoma, mti ule wenye gome nene la magamba na miiba, ambao wakati wa ukavu hupukutisha majani yote kisha hutoa maua mekundu kama makaa ya moto. Mgeni hustaajabu: mvua haijanyesha, majani hakuna, maua yametoka wapi?

Mti huo umefunga mlango wa matumizi. Majani yakishaanguka, maji hayatoki tena kwa wingi, na kidogo kinachoingia kutoka chini sana hukaa ndani ya shina na matawi mpaka matawi yashibe. Tena shinani mna akiba ya wanga uliotengenezwa wakati wa mvua. Wanga huo hugeuzwa sukari, sukari huingia katika matumba, maji huifuata, matumba huvimba na kufunguka. Ua lenyewe hukaa siku chache na matumizi yake ya maji si makubwa kama ya jani. Wazee walisema akiba haiozi, na mti huu huishi kwa kanuni hiyo.

Mbuni hauwezi kufanya hivyo. Huo hukaa na majani yake mwaka mzima na hubeba matunda yake karibu miezi minane au tisa. Hauwezi kupukutisha majani bila kuwanyima watoto wake chakula na maji. Kwa hiyo umejaliwa utaratibu mwingine, nao ni wa ajabu zaidi.

MATUMBA YANAYONGOJA KIANGAZI

Chunguza tawi la mbuni mwezi wa Septemba. Mahali jani linapokutana na tawi utaona vijitumba vidogo vya kijani vimejikusanya, virefu kama punje za mpunga au vifupi kuliko hizo. Vimefika hapo na kusimama. Wiki hupita na havibadiliki. Mtu asiyejua husema vimekufa. Havikufa, vimelala.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu wengi hawalijui. Matumba hayo hayahitaji mvua tu ili kuamka. Yahitaji kwanza ukavu. Mwaka 1960 mtaalamu wa Brazil, Paulo Alvim, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mibuni iliyomwagiliwa mara kwa mara bila kupumzika matumba yake yaliendelea kulala, ambapo ile iliyokaushwa kwanza na kisha kupewa maji ilichanua. Baadaye, katika kazi iliyofanywa Hawaii na kutolewa mwaka 1992, ilionekana kwamba mvuto wa maji ndani ya mbuni hauna budi kufikia kiasi fulani kabla matumba hayajawa tayari. Kiasi hicho ni yapata mara nne ya nguvu ya upepo uliojazwa katika tairi la gari dogo, ila huu ni wa kuvuta wala si wa kusukuma. Watafiti hao walieleza kwamba huenda ukavu hulegeza kizuizi kilichopo kati ya tawi na tumba, hata mvua ijapo maji yapite kwa wepesi.

Kisha mvua ya vuli hunyesha. Maji hupanda, matumba huamka na kuanza kunywa, uzito wake huongezeka upesi mara kadhaa, na yapata siku kumi baada ya mvua hiyo shamba zima huwa jeupe na harufu yake ni kama ya asmini. Maua hayo hukaa siku mbili tatu tu. Kwa kuwa matumba yote yalikuwa yakingoja ishara moja, hufunguka pamoja, na matunda yake huiva karibu pamoja. Mchumaji huchuma kwa mizunguko michache.

Lakini mvua ikija kwa manyunyu, leo kidogo na baada ya wiki mbili kidogo, huamsha matumba kwa mafungu. Hapo ndipo mkulima aonapo katika tawi moja maua, matunda machanga na matunda makubwa kwa wakati mmoja, na uchumaji ukawa wa kurudiarudia. Tena joto likiwa kali mno au maji yakiwa pungufu mno wakati wa kuamka, huonekana maua madogo ya kijani, magumu, yenye umbo la nyota. Maua hayo hayazai. Ukiyaona shambani, ujue kwamba ni alama ya shida ya joto au maji, wala si uchawi na si mdudu.

MIEZI YA HATARI KWA TUNDA

Ua likishapukutika, tunda changa hubaki dogo kama kichwa cha pini kwa muda wa wiki sita au zaidi. Mkulima asitishike, huo ndio mwendo wake. Baada ya hapo, kuanzia yapata wiki ya sita hadi ya kumi na saba, tunda hupanuka kwa haraka sana. Katika kipindi hicho karibu kila kinachoingia ndani yake ni maji. Vile vyumba viwili vya ndani, ambamo punje za buni zitakaa, hutanuka kama mfuko unaojazwa, na mwishowe kuta zake hukauka na kuwa ngumu. Vikishakuwa vigumu havitanuki tena.

Maana yake ni kubwa. Katika miaka ya 1970 M. G. R. Cannell, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru nchini Kenya, alionyesha kwamba ukubwa wa punje ya kahawa hutegemea sana maji yaliyopatikana wakati wa kupanuka. Maji yakiwa haba wakati huo, chumba huwa kidogo, na punje itakayokaa humo itakuwa ndogo. Mvua ya baadaye, hata ikiwa ya gharika, haiwezi kukitanua chumba kilichokwisha kukauka. Itasaidia kukijaza tu.

Sasa tufanye hesabu ya hapa kwetu. Maua yakifunguka mwanzoni mwa Novemba, wiki ya sita huangukia katikati ya Desemba, na wiki ya kumi na saba huangukia mwanzoni mwa Machi. Huo ndio muda wa kiangazi chetu cha Januari na Februari! Tunda la mbuni wa Rombo huhitaji maji mengi kuliko wakati mwingine wowote katika miezi ile ile ambayo mbingu imefunga.

Kuna hatari nyingine. Miti mingi ikizidiwa hudondosha sehemu ya matunda yake, kama mwembe unavyofanya. Mbuni hauna tabia hiyo sana. Matunda yakishapita hatua ya kichwa cha pini, mti huyang'ang'ania karibu yote, hata kama hauna nguvu ya kuyalisha. Matunda huvuta sukari na maji, mizizi na majani machanga hukosa, majani hupukutika, na ncha za matawi hukauka kurudi nyuma. Majani yakiisha, sukari imekwisha, na maji yaliyoifuata yamekwisha. Hapo matunda hukauka mtini yakiwa meusi na mepesi, na mwaka unaofuata tawi hilo halina la kutoa.

MAJARIBIO MATATU

Mwanafunzi asiamini kitu kwa sababu mwalimu amesema tu. Majaribio haya hayahitaji vyombo vya gharama, nasi tumeyafanya hapa shuleni.

La kwanza ni la sukari na maji. Kata vipande viwili vya kiazi mviringo vilivyo sawa kwa urefu. Kimoja kitie katika maji matupu, cha pili katika maji yaliyokorogwa sukari nyingi. Baada ya saa moja vipime. Cha kwanza kitakuwa kigumu na huenda kimerefuka kidogo; cha pili kitakuwa kimelegea na kufupika, kwa sababu sukari iliyo nje imeyavuta maji yake. Kitendo hiki huitwa osimosisi.

La pili ni la limau. Chuma vitawi viwili vyenye limau moja moja. Kimoja kiache na majani yake, cha pili ondoa majani yote. Viweke juani bila maji. Baada ya siku chache utaona kwamba limau lenye majani limesinyaa upesi zaidi, maana majani yamelinywa.

La tatu ni la gome. Chagua kitawi cha mti usio na faida, wala usithubutu kuligusa shamba la kahawa la baba. Ondoa pete ya gome, upana wa kidole kimoja, kuzunguka kitawi chote, bila kuukata mti wa ndani. Majani yaliyo juu ya pete hayatanyauka upesi, kwa sababu njia ya kupandia ni nzima. Lakini baada ya wiki kadhaa gome la juu ya pete litavimba, maana sukari inayoshuka imekuta njia imekatwa. Tunda lililo chini ya pete, na lisilo na jani karibu yake, litadumaa.

Jaribio hili la tatu lina mfano wake shambani. Yuko bungua anayeshambulia shina la mbuni karibu na ardhi. Buu lake hula gome la ndani na kulizunguka shina, kisha huingia ndani ya mti. Mti hukaa kwa muda na majani ya manjano, kama mgonjwa asiyejulikana ugonjwa wake, halafu hufa. Mdudu huyo amefanya kama tulivyofanya na kisu: kwanza amekata njia ya chakula, kisha ameharibu na njia ya kupandia. Katika kiangazi mti wa namna hiyo ndio utangulia kufa, na watu husema umekufa kwa jua.

YATUPASAYO KUFANYA

Wazazi wetu, haya yafuatayo yatokana na yale tuliyoyaeleza, nanyi mtaona kwamba mengi mmekwisha kuyarithi kwa wazee.

Kwanza, msikate wala kung'oa mbuni kwa sababu matumba yake yamesimama mwezi wa Septemba. Kwangua gome kwa ukucha. Likiwa bichi na la kijani, mti u hai na matumba yangoja mvua.

Pili, mwenye maji machache asiyatumie kwa kuyanyunyiza kidogo kidogo juu ya mibuni iliyolala. Ataamsha maua kwa mafungu, au hataamsha kitu. Ayaweke mpaka maua yamekwisha kupita, na hasa kwa Januari na Februari, wakati tunda linapopanuka. Ndoo iliyomwagwa shinani jioni katika miezi hiyo ina faida kuliko ndoo kadhaa zilizotawanywa wakati wa mchana, kwa maana usiku majani hayavuti sana, na mtungi wa tunda hupata kujazwa. Wala isiwe ndoo moja kwa miti kumi. Heri miti michache ipate maji ya kufika mizizini.

Tatu, fungeni udongo kwa matandazo. Majani makavu ya migomba na nyasi vikitandazwa chini ya mbuni, mbali kidogo na shina lenyewe, huzuia jua kuyanywa maji ya udongo kabla mzizi haujayapata. Hayo ni maji yasiyohitaji kubebwa kichwani.

Nne, tunzeni majani kama mnavyotunza matunda. Jani linaloanguka kwa ugonjwa wa kutu ya majani ni mchukuzi wa maji aliyepotea. Kivuli cha kiasi cha migomba na miti katika kihamba hupunguza kiu ya majani mchana. Kadhalika pogoeni: maotea yasiyozaa na matawi makavu yaondolewe, na mti usiachwe ubebe mzigo unaozidi majani yake.

Tano, lindeni gome. Jembe linalochubua shina, mbuzi aliyefungwa kwenye mbuni, na bungua aliyeachwa bila kutafutwa, wote hukata njia moja. Mwenye shaka na aulize kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata, au wataalamu wa Lyamungu, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1934, ambacho leo ni makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania.

Nanyi wanafunzi, likizo ijapo nendeni kihambani mkachague tawi moja tu la mbuni. Lifungeni uzi, mhesabu majani yake na matunda yake, mwandike katika daftari. Mrudie kila wiki mhesabu tena, na mwandike siku mvua iliponyesha. Atakayefanya hivyo kwa miezi minne mfululizo atakuwa na habari za shamba la kwao ambazo hazimo katika kitabu chochote, nami nitafurahi kuzisoma pamoja naye na kuzitia katika toleo lijalo la gazeti hili.